Tusimwite Mzuka Yule Tusiyemjua
Dominika ya 19 ya Mwaka A (Mt 14:22-33)



Wapendwa wasikilizaji, Injili ya Dominika ya leo inatupeleka ziwani, usiku, katikati ya upepo wa mbisho. Mitume wamo chomboni, nao wamechoka. Wanamwona mtu akiwajia juu ya maji, wanapiga yowe wakidhani ni mzuka. Tulitafakari jambo hilo. Macho yao yalikuwa mazima, lakini hofu iliyatangulia, na yule aliyekuja kuwaokoa ndiye waliyemdhania mzuka.

Ili tuielewe hofu hiyo, twende baharini, ingawa wengi wetu wa uwanda huu wa kati tumekulia mbali nayo. Yuko samaki aitwaye papa mweupe, ambaye huweza kufikia urefu wa mita 6. Mwaka 1963, huko Australia ya Kusini, kijana mmoja aitwaye Rodney Fox alikuwa katika mashindano ya kuvua kwa mkuki chini ya maji. Papa huyo akamkamata kiwiliwili. Alishonwa nyuzi mamia kadhaa, akapona. Wahenga walisema, aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Fox angeweza kuichukia bahari maisha yake yote, lakini alirudi. Alitengeneza kizimba cha chuma, akaingia yeye mwenyewe ndani, akateremshwa majini ili amtazame kwa karibu yule aliyemjeruhi. Na baada ya kumtazama, akawa mtetezi wake.

Baadaye jambo hilo likawa safari ya watalii. Huko Gansbaai, Afrika Kusini, tangu miaka ya 1990, mashua hutoka asubuhi kuelekea kisiwa cha Dyer, penye sili wengi ambao ni chakula cha papa. Wahudumu humwaga majini mchanganyiko wa samaki na mafuta yake ili harufu iwavute papa. Kizimba hufungwa ubavuni mwa mashua. Watu huingia wamevaa mavazi mazito ya mpira kwa sababu ya baridi, na wanapopewa ishara huvuta pumzi na kuzamisha vichwa. Sisi tumezoea kumfungia mnyama na kumtazama. Kule mtu ndiye aliye kizimbani, na mnyama huenda atakako. Mara nyingi papa hupita polepole, hukagua, kisha huenda zake.

Ndugu zangu, tusidanganyane. Papa ana meno, na kizimba kile si pambo. Busara ni fadhila. Lakini sifa aliyopewa imezidi matendo yake. Kwa wastani, wanaouawa na papa wa aina zote bila kuwachokoza hawafiki kumi kwa mwaka duniani kote. Nasi wanadamu? Mwaka 2013 watafiti walikadiria kwamba tunaua papa wapatao milioni 100 kila mwaka. Tena tangu mwaka 2017 nyangumi wauaji walipoanza kuwawinda papa weupe pale Gansbaai, wengi wao wamepahama. Kumbe yule tunayemwogopa naye huogopa!

Hapa kwetu Tanzania, katika kisiwa cha Mafia, kati ya Oktoba na Machi watu huogelea bila kizimba karibu na papa potwe, samaki mkubwa kuliko wote duniani. Chakula chake ni viumbe vidogo sana vinavyoelea majini. Naye anaitwa papa. Anayehukumu kwa jina tu atamkimbia.

Sasa turudi vijijini mwetu. Liko jina moja ambalo likishamwangukia mtu, hakuna anayetaka tena kumtazama kwa karibu. Jina hilo ni mchawi. Katika mikoa ya Shinyanga, Mwanza na Tabora wako bibi wazee waliouawa kwa mapanga kwa sababu macho yao yalikuwa mekundu. Nasi wa Dodoma na Singida tusijidhani tuko mbali na uvumi huo.

Macho hayo yamekuwaje mekundu? Ingia jikoni mwa bibi huyo. Amepika kwa kuni miaka hamsini ndani ya tembe, moshi usipate pa kutokea. Tena wilaya yetu ya Kongwa imejulikana kwa miaka mingi kwa ugonjwa wa trakoma, ambao watu huuita vikope. Kope hugeukia ndani na kukwaruza jicho mchana na usiku. Akina mama huugua zaidi, kwa kuwa wao ndio hukaa na watoto wadogo wenye maambukizo. Basi wekundu ule ni alama ya chakula alichotupikia na ya watoto aliowabeba. Sisi tunaugeuza kuwa ushahidi wa kumhukumu!

Ikiwa mtu aliyeng'atwa na papa aliweza kurudi kumtazama, sisi tunashindwaje kuvuka ua na kumtazama mama aliyetulea? Ikiwa samaki mwenye meno anastahili kujulikana kabla ya kuhukumiwa, je, si zaidi sana binadamu aliyeumbwa kwa sura na mfano wa Mungu? Asiyekujua hakuthamini.

Kwa hiyo nawaomba makatekista na viongozi wa jumuiya ndogo ndogo: wiki hii mtafuteni mzee ambaye watu hupita mbali na mlango wake. Ketini naye, kuleni naye. Macho yakimsumbua, mpelekeni hospitali, maana trakoma ina dawa, na kope zilizogeuka hurekebishwa kwa upasuaji. Na panapotokea msiba, mtu akaanza kunong'ona jina la fulani, Mkristo awe wa kwanza kusema: hapana. Neno hilo moja laweza kuokoa maisha.

Mitume walimtambua Bwana aliposema nao. Hadi leo anatujia usiku katika sura tusizozitazamia: mgonjwa, mgeni, bibi mwenye macho mekundu. Tukipiga yowe na kukimbia, twaweza kuwa tunamkimbia Yeye mwenyewe.

Ee Bwana, tuondolee hofu inayotupofusha, utupe moyo wa kumtazama jirani kwa karibu, tukuone Wewe ndani yake. Unayeishi na kutawala, daima na milele. Amina.