Bahari Haiulizi Kitambulisho



Sisi watu wa Pwani, hata mtoto mdogo anajua maji yakipwa lazima yatajaa. Hatukufundishwa darasani. Sasa fikiria mtu ameletwa kufanya kazi baharini na hakuna aliyemwambia hilo.

Usiku wa tarehe 5 Februari 2004, Wachina waliokuwa wahamiaji walikuwa Morecambe Bay, Uingereza, wakichimba kombe mchangani. Ufuo ule ni mpana sana. Maji yakitoka yanaenda mbali, yakirudi yanarudi kwa kasi, yanapita kwenye mikondo nyuma yako, unashtukia umezingirwa. Na ni baridi kali. Wenyeji walijua saa za maji. Hawa hawakujua, na Kiingereza cha kuuliza hawakuwa nacho. Waliokufa wanahesabiwa 23.

Je, ni bahari iliyowaua? Maji yalijaa kama kila siku. Aliyewapeleka pale gizani ni dalali wa vibarua. Mtu hana karatasi, ana deni la safari, analipwa kwa gunia. Huyo atasema "leo siingii"? Hawezi! Mwaka 2006 dalali alifungwa miaka 14 kwa kuua bila kukusudia. Mswada wa kuwalazimisha madalali kama yeye wawe na leseni ulikuwa tayari bungeni kabla ya mkasa. Vifo vile ndivyo vilivyousukuma ukawa sheria mwaka huohuo wa 2004.

Turudi nyumbani. Kuna Wapemba wanaovua hapa kwetu msimu baada ya msimu, wengine kwa vyombo vya matajiri. Katiba yetu, Kifungu cha 41, haisemi kila raia ana haki kazini. Inasema kila mtu. Na tangu 2007 tuna sheria ya usalama kazini na sheria ya fidia kwa anayeumia kazini. Vifaa vya kujikinga ni jukumu la mwajiri, na hafai kumkata kibarua mshahara kwa ajili yake.

Kwa hivyo nawaomba mambo matatu. Mgeni akifika diko lenu, mwambieni saa za maji na mahali pabaya. Mwulizeni ameajiriwa na nani, na jina liandikwe. Akiumia, mpelekeni ofisi ya kazi mapema, manake dai lina muda wake.

Tusingoje kuhesabu maiti ndio tuanze kuulizana nani alikuwa tajiri wao.