Filamu ya Watu Wasiothubutu Kupiga Kelele
(Maneno yaliyosemwa ukumbini, Siku ya Wanafunzi wa Zamani)



Kamati imeniomba niseme machache juu ya filamu tuliyoonyeshwa jana usiku. Wako walioninong'oneza mlangoni kwamba mtumishi wa serikali angezungumzia mambo ya maana kuliko mazimwi. Mimi naona zimwi nalo ni jambo la maana. Bibi zetu walitulea kwa hadithi za zimwi, wala hawakuwa watu wa mchezo.

Filamu yenyewe inaitwa "A Quiet Place", nayo ilitoka mwaka 2018. Aliyeiongoza ni John Krasinski, ambaye ndiye pia baba katika hadithi. Mama ni Emily Blunt, ambaye ni mkewe hata nje ya sinema. Dunia imekwisha haribika. Wameingia viumbe vipofu, vyenye magamba magumu, ambavyo husikia kishindo kidogo kutoka mbali na kufika kabla hujageuka. Familia moja ya shambani, katika jimbo la New York, imebaki hai kwa kutembea pekupeku juu ya njia iliyomwagiwa mchanga, kula chakula juu ya majani badala ya sahani, na kuzungumza kwa mikono.

Nianze na sifa. Sisi tuliosoma hapa miaka ya tisini tulizijua sinema katika vibanda vya video, ambako mtafsiri alitueleza kwa Kiswahili chake yote yaliyotokea, na mengine mengi ambayo hayakutokea. Filamu hii ingemkosesha kazi. Katika dakika 90 maneno yanayotamkwa kwa sauti ni machache mno. Jana niliwatazama vijana zaidi kuliko nilivyotazama filamu. Baada ya robo saa hivi aliyekuwa akitafuna karanga nyuma yangu aliacha kutafuna. Mwalimu wa zamu wa enzi zetu hakuwahi kuupata ukimya ule, hata akiwa na fimbo.

Jambo la pili ni yule binti, Regan. Anayeigiza ni Millicent Simmonds, na yeye mwenyewe ni kiziwi tangu utotoni. Angalieni hesabu ya hadithi: watu wale waliweza kuishi kwa sababu nyumbani mwao mlikuwa na mtoto kiziwi, kwa hiyo walikwisha kuijua lugha ya alama kabla ya maafa. Jirani aliyekuwa na masikio mazima na hakuwa na lugha nyingine ila ya mdomo, amekwisha. Nina mdogo wangu wa kike ambaye ni kiziwi, nami niliitazama filamu hii kwanza pamoja naye. Kila kamera ilipohamia upande wa Regan sauti yote ilikatika, nami nikashtuka nikidhani mashine imeharibika. Mdogo wangu hakushtuka. Aliponiona nahangaika na vitufe alicheka mpaka akafuta machozi.

Lakini nguvu ya filamu hii, kwa maoni yangu, si viumbe wala ukimya wenyewe. Ni jambo moja ambalo halikusemwa. Siku ya 89, mtoto mdogo wa miaka minne anataka chombo cha kuchezea kinacholia. Baba anakitoa betri na kukiacha. Regan, kwa huruma ya dada, anamrudishia mdogo wake kwa siri. Mtoto naye anaziokota betri. Wanapofika darajani chombo kinalia, na mtoto anachukuliwa mbele ya macho yao. Hadithi inaruka mpaka siku ya 472. Zaidi ya mwaka mzima binti huyu anaamini kwamba baba yake anamlaumu na hampendi tena. Baba hamlaumu. Usiku hukaa mezani na vyuma vidogo akijaribu kumtengenezea kifaa cha kusikilizia, kimoja baada ya kingine, na vyote havifanyi kazi. Anafanya kila kitu isipokuwa kumwambia.

Msiseme alizuiwa na viumbe. Lugha ya mikono haina kelele. Angeweza kumwambia siku yoyote, pale pale mezani, bila hatari hata chembe. Kijana wake, Marcus, ndiye anayemwambia, wakiwa chini ya maporomoko ya maji ambako kelele ya mto inafunika sauti za watu, kwamba dada yake hana budi aambiwe. Hatimaye baba anamwambia kwa mikono, akiwa amejeruhiwa, kisha anapiga ukelele ili kiumbe kimfuate yeye na kuwaacha watoto. Wengi wetu humu tulilelewa na baba waliotupenda kwa kulipa karo. Sikushangaa jana kuona wazee kadhaa wakisafisha miwani.

Sasa kasoro, maana sikuitwa hapa kusifu tu. Maporomoko yale yale ndiyo kasoro ya kwanza. Ikiwa kando ya mto mtu anaweza kupiga kelele na asidhurike, kwa nini wasihamie huko? Kijana mmoja wa Kidato cha Tatu aliniuliza swali hili kwenye chai leo asubuhi, na sina la kumtetea mwandishi. Pia tunaelezwa kwamba dawa ya viumbe ni mlio mwembamba mkali unaotoka katika kifaa cha Regan. Majeshi yote ya dunia, pamoja na wataalamu wao, hayakulifikiria hilo? Viumbe vinavyoishi kwa masikio, jambo la kwanza kujaribu ni kuyaumiza masikio.

Wako wanaolaumu mimba ya mama, ati mtu mwenye akili hashiki mimba wakati kama ule. Hapo sikubaliani nao. Nilifanya kazi miaka kadhaa mkoani Kigoma, na kambini watoto walizaliwa bila kungoja amani.

Kinachoniudhi zaidi ni muziki. Filamu imejengwa juu ya ukimya, halafu mara kwa mara vinanda vinapanda kutuambia ogopeni sasa, kana kwamba mwongozaji hakuiamini kazi yake mwenyewe. Mdogo wangu nilipomweleza lalamiko hili alinijibu kwamba katika filamu aliyoiona yeye hamkuwa na muziki wowote, na ilikuwa nzuri sana.

Na mwisho wenyewe, mama anapoikoki bunduki, ukumbi ulishangilia. Mimi nilisikitika kidogo. Nusu ya kwanza kiumbe tunakiona kama kivuli kinachopita, na tunatetemeka. Mwishoni kinasimama kwenye taa, meno na yote, kinakuwa mnyama tu wa kupigwa risasi.

Filamu iligharimu kama dola milioni 17 na ikaingiza zaidi ya milioni 340, hivyo haikushangaza kwamba zilifuata nyingine, mwaka 2021 na mwaka 2024. Ile ya 2024 anaiongoza Michael Sarnoski, na mhusika mkuu ni Mkenya, Lupita Nyong'o, akiwa mgonjwa wa saratani mjini New York na paka wake. Kamati ikipenda, mwakani tuione hiyo.

Anayetaka kubishana nami juu ya maporomoko, nipo hapa mpaka basi la saa kumi.