Safari Ndefu ya Baiskeli: Kikomo Hupangwa Nyumbani

 

Leo tunazungumza juu ya kijana anayekuja kwako na kusema, "Mama, nataka kwenda Mombasa kwa baiskeli, peke yangu." Huenda ni mwanao, au ni mdogo wako unayemlea. Na huenda, mama, ni wewe mwenyewe unayetamani safari kama hiyo. Maneno haya ni yenu nyote.

Sikuambii umkataze mtu mzima. Kuendesha baiskeli ni mazoezi mema kwa moyo na mapafu, na huburudisha akili. Lakini ambaye hajatimiza miaka 18 asiende peke yake. Aliyetimiza naye ajiandae.

Jambo ninalotaka ulishike leo ni hili: kikomo cha mwili hupangwa nyumbani, kabla ya safari. Kwa nini? Kwa sababu mtu akichoka sana, au akipungukiwa na maji na sukari mwilini, ubongo nao huchoka. Ubongo ule ule ambao ungemwambia "simama" ndio unaoshindwa kufikiri sawasawa. Atasema, "Bado kidogo tu," na huku miguu inatetemeka. Angekuwa na mwenzake, mwenzake angemwona na kumzuia. Akiwa peke yake, hana wa kumzuia ila masharti aliyojiwekea akili ikiwa timamu.

Tuitazame barabara ya Nairobi hadi Mombasa. Ni kama kilomita 480. Wengi husema ni rahisi kwa kuwa ni mteremko, maana Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Ni kweli, lakini kadiri unavyoteremka ndivyo joto linavyozidi, na majira ya kusi upepo humpiga msafiri usoni. Malori nayo ni mengi. Halafu kati ya Mtito Andei na Voi, karibu kilomita 100, barabara inapita katikati ya mbuga za Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi. Maduka ni machache, na wanyama wa porini wako karibu. Hapo si mahali pa kugundua kwamba nguvu zimekwisha.

Basi, fanyeni mambo haya mapema.

Kwanza, upimeni mwili siku tatu mfululizo. Siku moja hudanganya. Aendeshe baiskeli karibu na nyumbani ikiwa na mizigo ile ile atakayosafiri nayo, leo, kesho na kesho kutwa. Kipimo si kwamba alifika jioni. Kipimo ni jinsi anavyoamka asubuhi inayofuata. Akiamka na maumivu ya goti, ganzi kwenye vidole vya mikono, au amechubuka makalio, basi apunguze umbali na arekebishe kiti na usukani. Umbali anaouweza siku tatu bila kuumia ndio wa kupangia safari. Siku ya jua kali au upepo, apunguze tena.

Pili, mwenye pumu, kisukari, kifafa, ugonjwa wa moyo au selimundu amwone daktari kwanza. Kwa mwenye selimundu, kukaukiwa na maji na kujichosha mno huweza kumletea maumivu makali sana.

Tatu, maji na chakula. Katika joto na kazi nzito mtu aweza kutoa jasho la nusu lita hadi lita moja kwa saa, na wengine zaidi. Anywe kidogo kidogo, mara kwa mara. Atazame mkojo wake. Ukiwa wa manjano hafifu, ni vyema. Ukiwa mchache na umekolea kama chai ya rangi, maji yamepungua. Lakini asijaze tumbo maji matupu lita baada ya lita, kwani chumvi ya damu yaweza kushuka, akaumwa na kichwa, akatapika na kuchanganyikiwa. Abebe pakiti za ORS na azichanganye kama ilivyoandikwa. Akizikosa, achukue lita moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vijiko vilivyosawazishwa. Asizidishe chumvi.

Ale kabla njaa haijamshika: ndizi, viazi vitamu, chapati, njugu. Akianza kutetemeka, kutokwa na jasho baridi na kuona giza machoni, huenda sukari imeshuka. Asimame, ale kitu kitamu, apumzike.

Nne, aandike kwenye karatasi dalili za kusimama: kizunguzungu, kichefuchefu, maumivu ya kichwa, misuli kukaza, kuhisi baridi juani. Akiona hata moja, aingie kivulini, anywe, apumzike, na siku hiyo asiendelee. Nafuu isipopatikana katika nusu saa, atafute kituo cha afya.

Ziko na dalili za hatari: kuropoka, kuyumba kama mlevi, kuzimia, maumivu ya kifua, au mwili kuwaka moto. Joto la mwili likifika nyuzi 40 na akili ikavurugika, hiyo ni dharura inayoweza kuua. Aliye karibu amweke kivulini, amvue nguo nzito, ammwagie maji mwili mzima, ampepee, na aite msaada. Aliyezimia asinyweshwe kitu chochote.

Na homa, mama. Homa si uchovu. Anayekwenda Pwani anaingia eneo la malaria, kwa hivyo alale ndani ya chandarua. Akipata homa njiani, au wiki kadhaa baada ya kurudi, apimwe damu siku hiyo hiyo. Asiseme, "Ni baiskeli tu imenichosha."

Tano, simu. Patanani saa za kupigiana, tuseme saa sita mchana na saa kumi na moja jioni. Giza likimkaribia, awe amekwisha pata mahali pa kulala. Aweke akiba ya chaji, na avae kofia ya kukinga kichwa na nguo zinazoonekana kwa mbali. Wewe uwe na orodha ya miji atakayolala. Saa moja ikipita bila habari, piga wewe. Usipompata, pigia mahali alikotarajiwa. Huko nako wasipomwona, piga 999 au 112.

Sita, atenge nauli ya kurudi, pesa ambazo haziguswi kwa jambo lingine lolote. Mwenye nauli mfukoni hasukumwi na hofu ya kukwama.

Nimebakiza moja, na hili ni lako wewe wa nyumbani. Vijana wengi hupita kikomo chao kwa kuogopa kuchekwa. Anakumbuka maneno ya siku ya kuagana, "Tutaona kama utafika," na maneno hayo yanamsukuma kuliko upepo. Kwa hivyo kabla hajaondoka, mwambie waziwazi, mbele ya ndugu zake: "Ukiona dalili, pakia baiskeli kwenye basi urudi. Sitakuuliza kwa nini hukufika. Chakula chako utakikuta." Na akirudi, timiza ahadi hiyo. Asiwepo wa kumcheka nyumbani mwako. Barabara haihami, ataijaribu tena akiwa mzima.

Tahadhari kabla ya hatari, mama. Keti na kijana wako jioni ya leo, mwandike masharti hayo kwenye karatasi moja. Nakala moja aiweke mfukoni, nyingine ikae kwako.

Ukiwa na swali, muulize mhudumu wa afya wa kijijini kwenu au fika katika zahanati iliyo karibu. Hadi juma lijalo, ni mimi muuguzi wako wa afya ya jamii. Kwaheri ya kuonana.