Watoto Wetu na Basi la Shule

Mwajua ya kuwa barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Arusha hupita Same, chini ya milima ya Upare, na magari huja mbio. Tarehe 6 Mei 2017, huko Rhotia, Karatu, basi la shule lilitumbukia korongoni. Wakafa wanafunzi 32, walimu 2 na dereva. Lakini hatari haimo safarini tu, kushuka nako kuna hatari yake.

Kwetu magari hushika kushoto, na mlango wa basi u kushoto. Mtoto ambaye kwao ni ng'ambo hana budi kuvuka. Akipita karibu na pua ya basi, dereva aketiye juu hamwoni, wala mwenye gari lipitalo kando hamwoni. Na angoje hata basi liondoke, barabara ionekane pande zote mbili.

Mchungaji wa mbuzi huwavusha mwenyewe. Ajabu, mtoto huachwa avuke peke yake! Nanyi wazazi, msimngoje ng'ambo mkimwita, kwani asikiapo sauti ya mamaye hukimbia pasipo kutazama. Simameni upande ule ule wa mlango, mkamshike mkono.