Tone la Damu ya Mtoto

Mtoto akipata joto jingi mwilini, usikisie kuwa ni malaria. Mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo apimwe damu. Mtaalamu wa maabara hupaka tone moja kwenye kioo, hulitia rangi, kisha hutafuta viini kwa darubini.

Siku hizi kompyuta nayo hufunzwa kazi hiyo kwa picha. Huko Chittagong, Bangladesh, ilipigwa picha damu ya wagonjwa 150 wa malaria na watu 50 wasio nayo. Mwaka wa 2018 zikatolewa picha 27,558 za chembechembe za damu: nusu zina viini, nusu hazina. Mtaalamu ndiye aliyezitenganisha, kwani mwalimu akikosea, kompyuta nayo itakosea.

Lakini mama, hakuna kompyuta iwezayo kusoma damu ambayo haijatolewa. Usingoje kesho.