Mwanagenzi wa Afya Apate Fundi Wake

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama wa tawi, juu ya vijana wa Garissa, Wajir na Mandera.)



Tumeombwa tuseme machache juu ya vijana wa Kaskazini Mashariki wanaosomea kazi ya afya ya watu. Huenda mmoja wenu akauliza, sisi wa reli yatuhusu nini, na gari la moshi halijafika Garissa hata leo? Jibu letu ni kwamba jambo hili ni la uanagenzi, na uanagenzi twaujua. Tangu chuo cha reli kilipofunguliwa Nairobi mwaka 1956, na kabla yake katika karakana, kijana hakuachiwa injini kwa sababu amefaulu mtihani. Aliwekwa ubavuni mwa fundi, akabeba vifaa, akatazama, akasahihishwa, na mwisho wa mwezi akapata chochote cha kula.

Garissa kuna tawi la KMTC, chuo cha Serikali cha utabibu, na kuna chuo kikuu. Vijana wanasoma. Shida huanza siku wanapotakiwa kwenda kujifunza kazi yenyewe. Kuna mahali wanafunzi wengi hurundikiwa afisa mmoja mwenye kazi zake tele. Kuna mahali hutozwa ada ndipo waruhusiwe kufanya kazi! Nauli, chumba na chakula ni juu ya mzazi. Mfugaji ambaye mbuzi wake wamekwisha kwa ukame atatoa wapi?

Na kazi ya afya ya watu si sindano tu. Ni kupima maji ya lambo, kukagua nyama, kufuata chanjo, na kutambua mapema homa inayotaka kuenea. Tazameni homa ya Bonde la Ufa. Ilizuka huko baada ya mvua kubwa za mwaka 1997, ikarudi mwisho wa mwaka 2006, na wagonjwa wa kwanza walionekana Garissa. Kufikia mwaka 2007 zaidi ya watu 150 walikuwa wamekufa nchini. Mayai ya mbu wanaoileta hukaa katika udongo mkavu miaka mingi, na mafuriko yakija huanguliwa kwa wingi. Kondoo na mbuzi hutupa mimba, na mtu anayechinja au kuzalisha mnyama mgonjwa huambukizwa kwa damu yake. Wafugaji wa Kisomali wanalo jina lao la ugonjwa huo, sandik. Wataalamu walipowauliza baadaye, ilionekana kwamba waliona dalili kabla ofisi hazijatangaza hatari.

Sasa fikirini. Kijana aliyekulia katika mifugo hiyo, asiyehitaji mkalimani, akifundishwa kuchukua damu na kupeleka taarifa upesi, hatawafaa watu kuliko mgeni wa miezi sita? Tena afisa anayemwongoza naye atajifunza kwake. Ndivyo ilivyo kwa polio pia. Mwaka 2013 ilipoonekana upande wa Dadaab, ilibidi watoto wachanjwe upya, na mtoto anayehama na ngamia hapatikani na mtu asiyejua visima.

Hatusemi watu wa sehemu nyingine wasiende huko. Wamefanya kazi kubwa, na wengine wamekufa huko. Novemba 2014 abiria 28 wa basi waliuawa karibu na Mandera, na tarehe 2 Aprili 2015 watu 148 waliuawa katika chuo kikuu cha Garissa, wengi wao wanafunzi. Baada ya hapo walimu na wauguzi wengi waliondoka, wala hatuwalaumu. Lakini zahanati iliyowategemea wao peke yao hubaki na mlango uliofungwa.

Hapa chama kina neno lake. Mwaka 2024 madaktari waligoma siku 56, na moja ya sababu ilikuwa malipo ya wanagenzi wao: Serikali ilitaka kutoa shilingi 70,000 kwa mwezi, na mapatano ya mwaka 2017 yalisema zaidi ya 200,000. Daktari ana chama chenye nguvu. Mwanafunzi wa afya ya watu kule Wajir ana nani? Mpango wa wanagenzi bila masharti waweza kuwa njia ya kupata watumishi wa bure na kuacha nafasi za ajira wazi miaka yote. Huo hatuutaki.

Twataka mwanagenzi apewe fedha ya kujikimu. Twataka awe na fundi wake mwenye jina, na saa za kufundisha zihesabiwe katika zamu ya fundi huyo, maana kufundisha ni kazi. Wasichana wapatiwe mahali pa kulala penye usalama, kwa kuwa mama wengi wa huko husema mambo yao kwa mwanamke mwenzao tu. Na akimaliza vizuri, afikiriwe kwanza nafasi ikitokea.

Tangu mwaka 2013 hospitali na zahanati ziko chini ya kaunti, kwa hiyo barua yetu itakwenda Garissa, Wajir na Mandera, si Nairobi peke yake. Ndugu wenye watoto au jamaa waliopita katika mafunzo haya tunawaomba wamwone katibu baada ya mkutano, waeleze kijana alilipa nini, alifundishwa na nani, na alilala wapi. Majina yao hayataandikwa katika barua.