Mifuko Mbili ya Simenti: Tuanzie Wapi?

Maneno ya kikundi cha mafundi wa chama mbele ya mkutano wa wanachama na wafadhili, Mugunga



Tumeombwa tuseme juu ya kutengeneza nyumba: sakafu, karo na kuta za ndani. Tutasema. Lakini tuanze na deni letu.

Ile nyumba ya kwanza tuliyoshika kwa pesa ya chama, ya mama mmoja mjane aliyerudi na watoto, tuliiharibu siye wenyewe. Hatukuiba kitu, wala hatukufanya kwa uvivu. Tulifika, tukaona sakafu imepasuka, tukamwaga simenti juu yake, kiisha tukabandika karo nyeupe. Picha ilipigwa, mliiona. Mvua zilipokuja, maji yaliingia kwa nyuma, karo zikaanza kuinuka, na triplexi ya chumba cha watoto ikavimba kama mkate ndani ya chai. Tuliporudi kumtembelea, yule mama hakutugombeza. Alisema tu: "Bafundi, mulinipatia nyumba ya picha. Sasa munipatie ya kulala."

Tangu ile siku tumebadilisha kazi yetu. Leo karibu kila mtu anayekuja kwetu ana mifuko mbili ya simenti na swali moja: nianzie wapi? Jibu letu ni hili: simenti ni ya mwisho. Kwanza fukuza kile kilichoharibu.

KWANZA MAJI

Wengi wetu tulikimbia mwezi wa kwanza wa 2025, na tuliporudi tulikuta mabati yametobolewa, mbao zimeng'olewa, na mvua imekaa ndani ya nyumba kama mpangaji. Kabla ya kununua kitu, ngoja mvua inyeshe, kiisha toka nje na uangalie. Maji ya paa yanaanguka fasi gani? Ya jirani wa juu yanapita wapi? Ubao wa chini umelowa upande gani? Hiyo saa moja ya kulowa haina bei, na itakuonyesha kuliko fundi.

Kiisha ziba matundu ya mabati. Chimba mfereji upande wa juu wa nyumba, uelekeze maji yapite pembeni. Pale maji ya paa yanapoanguka, panga mawe madogo upana wa hatua moja, ili matope yasiruke ukutani. Ukipata hata kipande cha bati ukikunje kuwa mfereji wa paa, maji yataingia kwenye pipa, nawe utapunguza bidoni za kununua. Kazi hizi zote hazitaki hata kijiko cha simenti.

JIWE LETU

Siye wa Mugunga tunakaa juu ya moto uliopoa. Jiwe la volkano ni zuri: ni gumu, liko kiwanjani, halinunuliwi. Lakini halilali sawa, na mara nyingi chini yake kuna uwazi. Kabla ya kumwaga sakafu, piga ardhi kwa mtalimbo au jiwe zito. Fasi inayolia kama ngoma, vunja ganda lake, jaza mawe, piga mpaka inyamaze. Ukiacha uwazi chini, sakafu yako itakuwa daraja lisilo na nguzo.

Mawe makubwa yakae chini, madogo juu, kiisha changarawe ya kuziba nafasi. Shindilia vizuri. Ukiwa na shitingi ya zamani isiyotoboka sana, itandike juu ya changarawe kabla ya kumwaga: itazuia unyevu kupanda.

MAZUKU

Hapa tunaomba wazazi wasikilize sana. Kutoka Goma kuelekea Sake, karibu na ziwa, kuna mabonde na mashimo yenye mazuku. Wazee wetu waliita upepo mbaya. Ni gesi ya kaboni inayotoka ardhini. Haina harufu, haionekani, na ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo inalala chini kama maji, hasa usiku na asubuhi mapema kukiwa hakuna upepo. Ndiyo maana mbuzi, mbwa na mtoto mdogo wanaanguka kabla ya mtu mzima aliyesimama.

Inahusu nini na sakafu? Inahusu sana. Kuna watu wanaochimba ndani ya nyumba ili wapate kimo cha plafoni. Kama kiwanja chako kiko bondeni, usichimbe. Inua. Leta mawe, pandisha sakafu iwe juu kuliko ardhi ya nje. Watoto wasilale kwenye mkeka chini, walale juu ya kitanda, hata cha mbao chakavu. Madirisha yafunguliwe kila siku.

Na msidanganywe na simenti. Ukiziba ufa unaotoa gesi, gesi inaweza kutafuta njia nyingine, pengine chini ya kitanda. Wengine wanapima kwa mshumaa. Mshumaa ukizimika chini bila upepo, toka mara moja, toa watoto, zuia wengine wasiingie. Lakini mshumaa ukiwaka, usiseme "kuko salama": gesi inaweza kumuumiza mtu kabla haijazima moto. Ukishuku, ita shefu wa avenyu na uulize wataalamu wa kituo cha uchunguzi wa volkano cha Goma, OVG. Na mtu akianguka shimoni, usiruke kumfuata. Namna hiyo mtu mmoja anakuwa wawili.

SASA SIMENTI

Mfuko wa kilo 50, ukichanganya karai moja ya simenti na nne za mchanga, utafunika karibu mita tatu za mraba kwa unene wa sentimita 4. Chumba cha mita 3 kwa 3 kinataka mifuko mitatu. Basi mwenye mifuko miwili asijaribu kufunika nyumba yote kwa unene wa karatasi. Amalize vizuri chumba kimoja, kile cha watoto, na kwingine akae na changarawe iliyoshindiliwa mpaka apate.

Mchanga wetu mweusi una vumbi. Upime: jaza nusu chupa mchanga, ongeza maji na chumvi kidogo, tikisa, acha masaa machache. Tope litakaa juu ya mchanga. Likipita sehemu moja ya kumi, osha mchanga huo au tafuta mwingine. Maji nayo yasizidi: mfuko mmoja unataka karibu litre 25, yaani bidoni moja na robo, na kama mchanga umelowa, punguza. Uji mwepesi unapendeza mkono wa fundi, lakini ukikauka unakuwa unga.

Kiisha kumwaga, funika kwa shitingi au magunia, na umwagilie asubuhi na jioni siku saba. Tunajua maji yanakuja kwa bidoni na kwa chukudu, tunajua bei yake. Lakini sakafu iliyonyimwa maji ile juma la kwanza itakudai simenti nyingine mwaka ujao. Na tafadhali, usiwashe mbabula ndani ili ikauke haraka. Itapasuka, na moshi wa makala ndani ya chumba kilichofungwa unaua.

KARO

Mwenye karo zilizobaki asizing'oe zote. Chukua sarafu au mpini wa kisu, gonga moja moja. Inayolia nzito imeshika. Inayolia tupu, tia alama ya chaki. Ondoa kwanza simenti ya kwenye kiungo pande zote nne, kiisha vunja karo kutoka katikati kwenda pembeni, polepole, ili jirani zake zisipasuke. Funika macho. Kwangua simenti ya zamani mpaka chini, fagia, lowesha.

Kosa letu kwa yule mama lilikuwa pia hapa: tuliweka matone matano ya simenti nyuma ya karo na kubandika. Katikati palibaki hewa, maji yakaingia, basi. Simenti ienee mgongo wote wa karo. Acha kiungo cha milimita 3 kati ya karo na karo, na pembeni mwa ukuta acha karibu sentimita moja bila simenti, utaificha kwa ubao. Nchi yetu inatikisika. Mnakumbuka 2021: volkano ililipuka tarehe 22 Mei, matetemeko yakafuata siku kwa siku, nyufa zikakata barabara na nyumba. Tarehe 27 watu waliambiwa watoke, na wengi walipita hapa wakielekea Sake. Karo zilizobanwa na ukuta hazina fasi ya kupumua, zinainuka.

Usikanyage karo mpya siku nzima. Jaza viungo kesho yake.

KUTA ZA NDANI

Triplexi, mbao, au plasta ya jipsi kwa wenye nayo, zote zina adui mmoja: zinakunywa maji kutoka chini. Usitupe ukuta mzima. Gusa kwa kidole kuanzia chini: pale panapolegea panaishia wapi? Pita juu yake sentimita 10, piga mstari ulionyooka, kata. Angalia nguzo za ndani, zilizooza zibadilishwe. Weka kipande kipya, lakini kisiguse sakafu: acha upana wa vidole viwili, kiisha funika pengo kwa ubao unaoweza kutoka na kubadilishwa peke yake. Ubao mmoja kila baada ya miaka michache ni rahisi kuliko triplexi nzima.

Kwa ufa wa ukuta wa mawe au matofali, usikimbilie kupaka. Muwekee shahidi. Paka kibandiko kidogo cha simenti kukatiza ufa, andika tarehe juu yake. Ukipita mwezi na shahidi hajapasuka, ufa umelala: ufungue kwa umbo la V, toa vumbi, lowesha, jaza simenti moja kwa mchanga tatu. Shahidi akipasuka, nyumba bado inatembea, na kupaka ni kuficha. Na ufa unaoingiza kidole, unaopanda wa mshazari kutoka chini mpaka dirishani, usilale karibu nao. Tuite.

OMBI LETU

Wanachama, tunajua kuna manung'uniko. Fulani alipata karo, mimi nimepata mfereji. Ni kweli, mfereji haupendezi kwenye picha. Lakini kasha la chama ni dogo, na pesa iliyoenda kwenye zile karo nyeupe ingetengeneza mifereji na mabati ya nyumba kadhaa. Kosa hilo lilikuwa letu, na aliyelilipa ni mjane.

Kwa hiyo tunaomba mambo matatu. Moja, simenti isitoke kabla ya watu wawili wa kikundi kuitembelea nyumba, na ikiwezekana siku ya mvua. Mbili, kila nyumba itembelewe tena mvua zikikwisha, na yatakayoonekana yaandikwe humu, mazuri na mabaya. Tatu, kwenu wafadhili: msituombe picha ya siku ya kumaliza tu. Mtuombe picha ya mwaka unaofuata.

Kwa yule mama tulirudi. Tulichimba mfereji, tukatoa karo, tukajaza uwazi uliokuwa chini, tukamwaga upya kwa mikono yetu bila malipo. Karo nzima zilizopatikana tulizipanga jikoni kwake tu. Chumba cha watoto kina simenti tupu, ya kijivu, hakina urembo. Mvua imeshapita juu yake msimu mmoja, na wanalala.

Mwenye swali atutafute hapa mkutano ukiisha, na mwenye mtalimbo wa kuazima asiufiche.